Mjukuu wa Muda

Jumamosi, tarehe 1 Machi

Binti amefika. Salama, mchovu, sanduku moja na mfuko wa vitabu. Mama yake nilimfundisha darasani zamani, kabla sijawa mkaguzi wa shule, na ndiye aliyenipigia simu kutoka nyumbani. Mwalimu, akasema, mwanangu anakuja huko uliko kwa mafunzo kazini, na mimi huko sina mtu ila wewe. Nikamwambia asiwe na shaka hata kidogo. Shaka zote nimebaki nazo mimi.

Binti ni mwanagenzi katika karakana ya viungo bandia. Nieleze. Mwanagenzi si mwanafunzi tena, na bado si fundi. Yuko katikati, mahali ambapo mtu akikatwa kidole kila mmoja husema si wangu. Ndiyo maana karakana haimruhusu kugusa mashine mpaka awe na bima. Na kampuni ya bima haimpi bima mpaka awe na makazi yaliyokaguliwa: chumba chake peke yake, mlango wenye kitasa, dirisha linalofunguka, na ridhaa ya mwenye nyumba. Mwisho ni Ijumaa. Ijumaa ikipita, nafasi anapewa mwingine, na kibali chake cha kuishi hapa kinakwenda na hiyo nafasi. Atarudi nyumbani. Kwa mama yake. Ambaye nimemwambia asiwe na shaka!

Chumba tunacho: chumba changu cha kusomea. Mlango upo. Kitasa kipo. Dirisha lipo, nyuma ya kabati. Ridhaa haipo.

Mkataba wetu unasema wanaoishi humu wawe wa familia tu. Jamaa wa ghorofa ya tatu alimweka rafiki yake sebuleni, akahamishwa kabla rafiki hajamaliza kufungua mizigo. Mke wangu akasema, kwani si umwombe tu mwenye nyumba? Maskini, ana imani na watu. Nikamweleza kwa utulivu kwamba kuomba ni kumpa mtu nafasi ya kukataa. Akasema haya, mwenye akili.

Binti ananiita babu tangu tulipokutana. Ni adabu tu, kila kijana wa kwetu humwita hivyo mtu wa umri wangu. Lakini aliposema ngazini, "Babu, sanduku niachie mimi," mwenye nyumba alikuwa anashuka. Akasimama. Akatutazama kwa zamu. Kumbe una mjukuu, akauliza.

Nikasema ndiyo.

Lilitoka lenyewe! Na angalia lilivyotatua kila kitu. Mjukuu ni familia.

Jumapili, tarehe 2 Machi

Halijatatua kila kitu.

Mwenye nyumba anajua tuna mtoto mmoja tu, wa kiume, na kwamba hajaoa. Nilimwambia mwenyewe mwaka juzi, nikilalamika. Asubuhi amenikuta nje na ndoo ya taka, akataka kujua mjukuu huyu ni wa nani. Nikasema wa binti yetu mkubwa. Akauliza mbona hajawahi kumsikia. Nikasema yuko melini. Anafanya nini melini? Anapika. Meli kubwa, nikaongeza, kana kwamba ukubwa wa meli ungesaidia.

Nimemweleza mke wangu ili tuwe na kauli moja. Ameacha kukunja nguo.

"Nimemzaa lini huyo mtoto? Na wewe ulikuwa wapi?"

Nikamwambia hatakiwi kusema neno, anyamaze tu. Akasema kunyamaza anaweza, kudanganya hawezi, na nijue tofauti. Nikasema tofauti ni ndogo. Akasema hiyo tofauti nitaiona vizuri nikiwa nimekaa mbele ya sahani tupu. Nikaacha mjadala.

  

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimepiga simu kampuni ya bima. Afisa kijana, sauti ya upole, shikamoo mzee. Nikajisikia niko mikononi mwa mtu aliyelelewa. Akauliza maswali yake, nami nikajibu kama mtahiniwa anayejua majibu yote. Mwisho akauliza kama mwombaji ni ndugu yangu. Nikasema kwa ushindi: mjukuu!

Akafunua karatasi. Kisha, kwa upole uleule, akasema basi pole mzee, bima hii si yake. Hii ni ya wanagenzi waliopanga. Anayeishi kwa jamaa anatafutiwa bima ya familia, nayo huchukua miezi.

Jasho. Nikakohoa, kikohozi kirefu, cha kutafutia njia. Nikamweleza kwamba nimesema mjukuu kwa heshima tu, kama yeye anavyoniita mzee bila kujua umri wangu. Kwa hakika ni mpangaji. Akafurahi. Akauliza kama mwenye nyumba ameridhia.

Nikasema ameridhia sana.

Vizuri, akasema. Basi atakuja Alhamisi kukagua chumba, na kuzungumza na mwenye nyumba ana kwa ana.

Ana kwa ana!

Nimekaa nikaipanga hali kwa utaratibu. Kwa mwenye nyumba, Binti ni mjukuu. Kwa yule afisa, nimwite Bwana Bima, ni mpangaji. Kila neno peke yake linafaa mahali pake. Hatari ipo moja tu, nayo ni hao wawili kukutana. Mwenye nyumba huja kwetu Jumatano kusoma mita za maji. Bwana Bima anakuja Alhamisi. Nitamwambia Bwana Bima kwamba mwenye nyumba ameitwa ghafla na mgonjwa. Kinga kamili.

Nimekutana na Nesi, yule mstaafu wa ghorofa ya chini. Anakaa na wanagenzi wawili kutoka ng'ambo, vijana wa kiume wenye mashavu. Wote wana bima. Wote wanamwita mama mbele za watu, kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. Akauliza kama nataka ushauri. Nikamjibu kwamba mtu aliyekagua shule za wilaya nzima hashindwi na chumba kimoja. Akasema haya, mkaguzi, ukikwama gonga.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Kabati limekwama kwenye korido. Mimi upande wa chumba cha kusomea. Mke wangu upande wa jikoni, na choo, na chakula.

Nilimweleza kupitia tundu la ufunguo la kabati kwamba ni suala la pembe, na kwamba pembe zina kanuni zake. Akasema anaenda kumgongea Nesi. Nikamkataza. Akaenda.

Nesi alikuja na wale wenye mashavu. Wakalisukuma mara moja likatoka kama kizibo, mpaka nje, na sasa limesimama kwenye ngazi mbele ya mlango wetu kama mlinzi.  Nesi alitabasamu tu, na tabasamu lile lilikuwa na maneno mengi.

Dirisha limeonekana! Limepakwa rangi likaganda. Nikalifungua kwa kisu cha mezani. Linafunguka vizuri sana. Halifungiki. Nimesoma masharti tena: dirisha linalofunguka. Kufungika hakukutajwa. Binti amerudi kutoka karakana akiwa na unga wa plasta kwenye nyusi, akatazama dirisha, akavaa koti. "Haina neno, babu," akasema, meno yakigongana.

Jambo moja halinipi amani. Kabla ya kuondoka, Nesi alimwuliza mke wangu habari za binti yetu wa melini. Mke wangu akasema yeye hajazaa binti.

Nesi akasema, ahaa.

Sikuipenda ile ahaa.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Ngazi nzima inajua kwamba nilizaa nje ya ndoa.

Mke wangu alishuka kununua sabuni, akarudi na pole tano. Mama wa ghorofa ya pili amemshika mkono akamwambia vumilia, mwenzangu, wote ndivyo walivyo. Mfagiaji amekataa kunisalimu. Mke wangu ameweka sabuni mezani akasema hajawahi kuona mambo haya: anapewa pole ya mume ambaye bado yuko hai. Kisha akaongeza kwamba hili la mwisho linaweza kurekebishwa.

Mwenye nyumba amekuja kusoma mita. Alisoma kwa huzuni. Alipomaliza akaniweka pembeni, karibu na kabati, akasema mwanamume huteleza, yeye si wa kunihukumu. Lakini kumpokea mtoto wa yule binti, na mke wangu akakubali, hilo limemgusa. Hakulala vizuri kwa kuguswa. Kesho atamletea mjukuu kiti cha kusomea, kiti cha marehemu baba yake.

Kesho! Alhamisi!

Nikasema kesho hatutakuwepo. Akasema si kitu, mama atakuwepo. Nikasema mama naye ana safari. Mke wangu akasema kutoka jikoni kwamba hana safari yoyote.

Nimempigia Bwana Bima kuomba siku nyingine. Kwa upole akasema siku nyingine haipo, Ijumaa anafunga orodha. Nimepima mapigo ya moyo wangu. Nimeacha kuyapima, yanaongezeka yakijua yanapimwa.

Jioni Binti alikuwa anasafisha viatu vyake mlangoni. Akanisimulia kwamba leo ameletwa mtoto kupimwa mguu wake wa kwanza. Mtoto alikuwa anacheka, anaona ni mchezo, plasta ya kuchukulia umbo inamtekenya. Wenzake walipima, wakakata, wakasawazisha kwa mashine. Yeye alishika ndoo.

"Babu, kama haitawezekana niambie mapema. Nimwandae mama. Ameshawaambia watu wote."

Hakulalamika. Angelalamika ningejua la kumjibu. Nikamwambia asiwe na shaka, nikaenda kusimama mbele ya dirisha lisilofungika, nikapata baridi ninayostahili.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nitaandika kwa mpangilio, ingawa mambo yenyewe hayakuwa nao.

Asubuhi Bwana Bima akafika. Mwembamba, mkoba mkononi. Alipita kando ya kabati la kwenye ngazi bila kuuliza, nikampenda kwa hilo. Akakagua mlango, sawa. Kitasa, sawa. Dirisha, akaandika "hewa ya kutosha". Nikaanza kumweleza habari za mwenye nyumba na yule mgonjwa wake, na ndipo mlango ukagongwa.

Mwenye nyumba. Kiti begani.

Nikamzuia koridoni. Nikanong'ona kwamba pana mgeni. Akanong'ona, mgeni gani? Nikatafuta kichwani mtu ambaye mzee mwenye heshima asingependa kumsumbua.

"Mchumba wa mjukuu," nikasema.

Lilitoka lenyewe.

Mwenye nyumba akatua kiti. Akanyoosha kola. Akasema kama baba mzazi yuko mbali, na mama yuko melini, na babu ndiye huyu mimi, basi lazima mtu mwenye akili timamu amwone huyo kijana. Akaingia kabla yangu. Kwa Bwana Bima nikasema haraka kwamba huyu ni jirani, mtu wa karibu sana, ana uchungu na Binti.

Mwenye nyumba akakaa kwenye kiti cha baba yake, mikono magotini. Akamwuliza kijana ana nia gani na huyu msichana. Bwana Bima, kwa upole wake, akasema nia ni kumlinda kwa muda wote atakaokuwa hapa. Mwenye nyumba akanitazama, akaridhika. Na baada ya huo muda? Baada ya huo muda, akasema Bwana Bima, mkataba unakwisha, hatudaiani.

"Unakwisha?"

Unakwisha, ila unaweza kurudiwa kwa makubaliano. Na akiugua? Watamtunza, isipokuwa maradhi aliyokuja nayo. Na akivunjika mkono? Hapo itategemea mkono upi. Mwenye nyumba akaanza kupumua kwa pua. Nikasema jamani chai. Bwana Bima, akidhani anamtuliza mzee mwenye uchungu, akasema asihofu, wao wana uzoefu, hivi sasa wanao wasichana kama huyu wengi tu, mji mzima.

Mwenye nyumba akasimama. Kiti kikaanguka.

"Toka! Toka nyumbani kwangu!"

Bwana Bima hakutoka. Alifunua karatasi yake.

"Kwako? Kumbe wewe ndiye mwenye nyumba? Shikamoo. Nilikuwa nakutafuta. Ni kweli umeridhia huyu mpangaji?"

"Mpangaji gani?"

Wakageuka wote wawili. Nikaanza kueleza. Nikaona ni vyema nianze na asili ya bima, jinsi wafanyabiashara wa zamani walivyochangiana mzigo ukipotea, ili tupate msingi wa pamoja. Sikufika mbali. Mke wangu aliingia na sinia ya chai, akaiweka mezani, akasema yeye alisema kunyamaza anaweza, lakini sasa amechoka. Akawaeleza. Aliyamaliza yote kabla chai haijapoa: huyu msichana ni mtoto wa mwanafunzi wa zamani, amekuja kujifunza kutengeneza miguu ya watu, anahitaji chumba, basi.

Mwenye nyumba akauliza polepole, na yule binti wa melini?

"Hakuna binti," mke wangu akasema. "Hakuna hata meli."

Nilitamani mwenye nyumba anikaripie. Hakunikaripia. Aliinua kiti cha baba yake, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati, akaniuliza kwa nini sikumwomba. Nikamweleza lile la kuomba na nafasi ya kukataa. Akasema amelala macho kwa ajili ya aibu yangu, na kumbe hata aibu yenyewe ilikuwa ya uongo. Akaondoka na kiti.

Bwana Bima akafunga mkoba. Chumba kinafaa, akasema. Ridhaa hakuna. Atakuwa ofisini kesho mpaka adhuhuri.

Binti aliporudi nikamwambia mwenyewe. Hilo angalau sikumwachia mtu. Hakulia. Akaomba kumpigia mama yake. Nimemsikia kupitia ukutani akisema, bado mama, bado, kesho tutajua. Kisha akauliza habari za kuku.

Sijala.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Niliamka nikiwa na mpango. Barua ndefu kwa mwenye nyumba, yenye utangulizi, hoja na hitimisho. Nilikuwa bado kwenye utangulizi nilipoona mke wangu hayupo.

Alikuwa ameshuka kwa mwenye nyumba. Peke yake, na kanga ya kazini, mikono mitupu. Nimemwuliza baadaye alimwambia nini. Amesema alimwambia, tunaomba.

Na kingine? Hakuna kingine.

Mwenye nyumba alisema angekubali tangu Jumamosi. Nesi alipotaka kuweka vijana wake alimwomba ngazini, wote wamebeba mifuko ya sokoni, na ikaisha hapohapo. Jamaa wa ghorofa ya tatu alifukuzwa kwa sababu alificha, si kwa sababu ya rafiki. Sharti lake ni moja: mkataba uandikwe upya kwa jina la mke wangu. Na mimi niandikwe mkaazi wa ziada.

Wa ziada! Katika nyumba ambayo kila balbu nimeibadilisha kwa mkono wangu!

Tukaenda ofisini sote, Binti katikati, anatembea haraka kuliko magoti yangu. Bwana Bima akaandika. Mpangaji mkuu, mke wangu. Chumba, cha Binti. Kisha akaninyooshea kalamu akamwuliza mke wangu: na huyu mzee ana uhusiano gani na wewe?

Mke wangu alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mume," akasema.

Muhuri ukapigwa adhuhuri ikigonga. Binti hakusubiri hata kututoa nje. Alikwenda karakana akikimbia. Amerudi jioni, mikono imechubuka kidogo, kucha zimejaa unga mweupe. Alikula sahani mbili bila kuzungumza, kisha akazungumza bila kula: leo ameshika mashine ya kusawazisha, fundi alisimama nyuma yake mara ya kwanza, mara ya pili hakusimama. Yule mtoto atarudi wiki ijayo kujaribu mguu. Atamvalisha yeye.

Mama yake amepiga simu. Anasema alijua tu, Mwalimu akisema usiwe na shaka ni kweli. Mke wangu alikuwa anasikiliza. Nimesema ahsante kwa sauti ndogo.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Siku mbili nimetafakari kwa unyenyekevu. Nimeona kosa langu, na ninaliandika hapa waziwazi: hadithi haikuwa na maandalizi. Binti wa melini alibuniwa nje, na ndoo ya taka mkononi. Mpango mzuri unataka muda.

Na muda nimeupata. Mkaguzi mwenzangu wa zamani amepiga simu. Ana vijana wawili wanaokuja mafunzo kazini, hawana pa kukaa. Nikamwambia asiwe na shaka hata kidogo.

Nesi ana chumba kimoja kimebaki wazi. Vijana ni wawili. Masharti yanasema kila mwanagenzi chumba chake, lakini nimeyasoma kwa makini kuliko watu wengi, na chini kabisa yanaruhusu ndugu wa tumbo moja kulala chumba kimoja. Nesi bado sijamwambia. Atafurahi mambo yakishakamilika. Mke wangu pia sijamwambia, ili asipate taabu ya kunyamaza.

Nimempigia Bwana Bima nikamwarifu kwamba wanakuja mapacha. Upole wake umepungua kidogo siku hizi. Akauliza tarehe zao za kuzaliwa. Nilikuwa nazo tayari, nikamsomea bila kusita: mmoja Januari, mwingine Agosti.

Akaniomba nirudie hizo tarehe.

Nikamweleza kwa utulivu kwamba mama yao alipata uchungu wa muda mrefu.